Nimeitwa kampuni ndogo ya usalama wa mtandao. Niache kazi ya kiwandani?

"Shikamoo kaka. Mimi ni binti wa miaka 26, nipo Mwanza. Miaka mitatu sasa ni ofisa TEHAMA kwenye kiwanda cha kuchakata samaki: natengeneza printa, nafungua akaunti za barua pepe, nahangaika na mfumo wa mizani. Mshahara unatoka tarehe ileile kila mwezi na nina bima ya afya. Sasa kampuni moja ya usalama wa mtandao, ina watu sita tu, ofisi yao iko ghorofani pale mjini, wamenipa barua ya kazi. Mshahara umezidi kidogo, majaribio ni miezi sita. Mama anasema hiyo ni kazi ya wezi na nitaishia gereza la Butimba. Rafiki zangu wanasema bila kuwa jiniasi wa kuandika programu sitatoboa, na kwamba watu wa huko hawalali. Natakiwa kujibu kabla ya mwisho wa mwezi. Huko ndani kukoje hasa? Niende au nibaki?"

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona hofu ya mama na hofu ya rafiki zako. Mara ya pili nikaona ya kwako, ambayo hukuiandika wazi: kwamba utaacha mshahara wenye tarehe yake, upande ghorofani kule, halafu ukute umekuwa fundi printa wa watu sita badala ya kiwanda kizima. Hiyo ndiyo hofu ya maana, na nimeshawaona waliokutwa na hayo. Nitaifikia.

Nianze na mama, kwa sababu ana hoja. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinakataza kuingia kwa makusudi kwenye mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria, basi. Hakiulizi kama ulichukua kitu, wala kama ulikuwa unataka tu kuonyesha kwamba mlango haukufungwa. Kazi yetu sisi wa usalama wa mtandao, ukiitazama kwa dirishani, ni ileile ya mwizi: tunatafuta mianya, tunajaribu vitasa, tunaangalia nani kaweka neno la siri la jina la mtoto wake. Kinachotutenganisha na Butimba ni karatasi. Karatasi hiyo inaitwa barua ya idhini, nayo inataja mifumo itakayopimwa mmoja mmoja, tarehe, saa, nani apigiwe simu kitu kikizima, na chini yake sahihi ya mtu mwenye mamlaka ya kuitoa. Sahihi ya jamaa wa TEHAMA haitoshi, maana mfumo siyo wake. Na kama tovuti ya mteja imepangishwa kwenye seva ya kampuni nyingine, idhini ya mteja peke yake nayo haitoshi; mwenye seva lazima aulizwe.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua umeajiriwa na nani. Ofisi za namna hii, ukikaa mapokezi wiki chache tu, atapanda ngazi mtu aliyevaa vizuri, atafunga mlango nyuma yake, kisha ataongea kwa sauti ya chini: anataka mumfungulie WhatsApp ya mumewe, au ya mkewe. Atalipa keshi. Wengine hulia. Sikiliza bosi anamjibu nini. Akimwambia, "Mama, hiyo hatufanyi, na ukimpata wa kukufanyia mtaingia matatizoni wote wawili," kaa. Akimwambia asubiri nje kidogo, chukua mkoba wako.

Kuhusu ujiniasi, rafiki zako wameangalia sinema nyingi. Kwa hesabu ya kichwani, katika siku 5 za kazi, kupima mifumo kwenyewe kunakula kama siku 1 na nusu. Zilizobaki ni kuandika ripoti, kusoma kumbukumbu za seva, vikao na mteja, kumweleza mteja jambo lilelile kwa mara ya tatu, na kumfuatilia alipe. Kuandika programu kunasaidia, na ukijifunza kidogo Python, lugha mojawapo ya kuandikia programu, utapumua, lakini acha nikuonyeshe kitu ambacho hakikuhitaji hata mstari mmoja.

Tuseme mteja ni chama cha kuweka na kukopa, na wanachama wanaangalia mikopo yao kwenye kivinjari. Unaingia kwa akaunti ya majaribio mliyopewa. Pale juu, kwenye anwani, unaona namba inaishia na 1041. Unafuta ile 1 ya mwisho, unaandika 2, unabonyeza. Kinatokea mkopo wa mtu mwingine: jina, simu, mdhamini, kiasi anachodaiwa. Mfumo ulikuuliza "umeingia?" lakini haukukuuliza "hii ni ya kwako?" Ni kama ofisi yenye mlinzi mkali getini, akishaangalia kitambulisho chako, humo ndani makabati yote hayana kufuli. Kosa la familia hii ndilo lililoshika namba 1 kwenye orodha ya 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, ya hatari kuu za mifumo ya wavuti. Kwa hiyo usifikiri ni uzembe wa vyama vya huku kwetu tu.

Sasa angalia kinachofuata, maana hapo ndipo kazi ilipo. Unasimama. Huendi 1043 wala 1044, kwa sababu kila namba ni siri ya mtu na umeshathibitisha ulichotaka kuthibitisha. Unapiga picha ya skrini, unaziba majina. Halafu jioni unakaa uandike. Anayeanza kazi huandika: "Mfumo una udhaifu wa udhibiti wa ufikiaji katika vigezo vya anwani." Meneja wa chama atasoma, atatikisa kichwa kwa adabu, ataiweka ripoti kwenye droo. Ukiandika, "Mwanachama yeyote anaweza kusoma mkopo wa mwenzake kwa kubadili namba moja, tumefanya hivyo kwa sekunde 5," atampigia simu aliyemtengenezea mfumo kabla hujatoka ofisini kwake. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo tofauti ya mtaalamu anayesaidia na anayelipwa bure. Kama shuleni uliandika insha nzuri, usione aibu kulisema hilo unapoongea nao.

Na miaka yako mitatu kiwandani usiidharau. Unajua mambo ambayo mimi nilijifunza kwa kugonga kichwa. Chukua wizi unaowatesa wanaouza nje. Mhasibu anapata barua pepe: "Kisanduku chako kimejaa, ingia hapa." Anaingia, ukurasa ni wa bandia, neno la siri limekwenda. Mwizi haibi siku hiyo. Anafungua kisanduku kimyakimya, anaweka kanuni ndogo kwamba kila barua yenye neno "ankara" imfikie nakala, na majibu fulani yahamie kwenye folda ambayo mhasibu haifungui kamwe. Kisha anasoma. Wiki, hata miezi. Anajua minofu inasafirishwa lini, mnunuzi ni nani, mhasibu anamaliza barua zake kwa salamu gani. Siku malipo yanapokaribia, mnunuzi anapokea barua kutoka kisanduku halali kabisa, kwa lugha ileile ya kila siku, yenye ankara ileile, isipokuwa akaunti ya benki imebadilika. Huyu ni ndugu yake yule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ila amevaa suti.

Kumtoa kunahitaji kuitoa kwenye akaunti kila simu na kompyuta iliyobaki imeingia, kufuta zile kanuni, kubadili neno la siri na kuweka uthibitisho wa hatua ya pili, kama namba inayokuja kwenye simu. Watu wengi hubadili neno la siri tu, wanalala, na kanuni inaendelea kupeleka nakala. Benki inapigiwa simu saa hiyohiyo, siyo kesho asubuhi. Lakini kinga yenyewe ni ya kizamani: mnunuzi apige simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwaka jana, aulize kama kweli benki imebadilika. Nani atamshawishi mhasibu na bosi wa mauzo wakubali utaratibu huo? Mtu aliyekaa meza ya pili kutoka kwa mhasibu kwa miaka mitatu, anayejua siku za kupakia watu hawana muda wa kusoma chochote. Huyo ni wewe.

Kutolala? Hapo rafiki zako wamekaribia ukweli. Wanaofunga mafaili ya watu kwa programu hasidi na kudai fidia wanapenda Ijumaa usiku na sikukuu, kwa sababu hakuna anayeangalia. Kampuni kubwa ina zamu. Kampuni ya watu sita ina simu moja inayozungushwa, na kati ya hao sita mmoja ni mhasibu, mmoja ni wa masoko, mwingine ni bosi anayesafiri. Kwa hiyo hesabu vizuri: wiki moja kati ya tatu simu hiyo inalala kando ya mto wako. Si kila usiku inalia. Lakini huwezi kwenda Ukerewe kwa shangazi wiki hiyo, na bia ya pili unaiacha. Uliza kama zamu ya simu imeandikwa kwenye mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, ziada inalipwa mara moja na nusu, na kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kampuni ndogo nyingi hazina hila mbaya, zimesahau tu kuandika. Ziandikishe.

Sasa ile hofu yako. Nikusimulie langu, ambalo silisimulii kwa furaha.

Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii tulikuwa watu wanne. Nikapewa kupima mtandao wa ndani wa ghala moja. Barua ya idhini ilikuwepo, kila kitu sawa. Saa 6 mchana nikawasha Nmap, programu ya kuchungulia kwenye mtandao mashine zipi ziko hai na milango ipi iko wazi, yaani zile namba ambazo kila huduma ya mashine husikilizia. Kwa kujiona mjuzi, nikaiamuru iulize huduma kwenye milango yote, bila kuruka hata mmoja. Dakika chache baadaye nikasikia printa ya ofisi ya jirani inaanza kutema karatasi. Halafu ya pili. Halafu ile ya kule mlangoni pa kupakia, inayochapa hati za mizigo. Karatasi moja, mistari miwili ya takataka. Karatasi nyingine, alama tatu. Printa nyingi za mtandao husikiliza kwenye mlango wa 9100, na chochote kinachogonga hapo, hata kama ni swali la "wewe ni nani?", zinakichapa. Waliotengeneza Nmap walilijua hilo zamani, ndiyo maana kwa kawaida yake inapouliza aina ya huduma inaruka milango ya 9100 hadi 9107. Mimi niliizima kinga hiyo kwa mkono wangu mwenyewe.

Malori mawili yenye mzigo kwenye barafu yalikuwa yanasubiri hati. Barafu haisubiri. Mkuu wa ghala akaja na bunda la karatasi zile, akaziweka mezani kwangu, akauliza, "Hiki ndicho tunachowalipia?" Bosi wangu alikuwa ng'ambo, upande wa Sengerema, amekwama foleni ya kivuko Busisi, daraja lililofunguliwa Juni 2025 wakati huo lilikuwa bado nguzo majini. Nilimpigia simu. Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Mpango wako wa leo alikusomea nani?" Hakuna aliyeusoma. Hakukuwa na wa kuusoma.

Udogo wa kampuni ndio huo. Watu watakuambia kampuni ndogo ni shule nzuri kwa sababu utagusa kila kitu. Kweli utagusa. Ndani ya mwaka 1 nilikuwa nimepima mifumo, nimefundisha wahasibu kutambua barua za uongo, nimerudisha data kutoka kwenye chelezo, yaani nakala za akiba, nimekaa mbele ya bodi ya mteja. Rafiki yangu aliyeajiriwa sehemu kubwa alikuwa bado anaangalia skrini ileile ya tahadhari. Lakini kugusa kila kitu bila mtu wa kukuangalia mikono siyo shule. Ni kuachiwa mtumbwi. Ukikosea kwenye kampuni kubwa, kuna mtu wa juu aliyetakiwa kukukamata. Kwenye kampuni ya watu sita, kosa lako linafika kwa mteja lina moto.

Kwa hiyo swali la kuwauliza kabla ya mshahara, kabla hata ya bima, ni hili: ripoti yangu atasoma nani kabla haijatoka kwa mteja? Watake wakutajie mtu. Mwenye jina, aliyefanya kazi hii miaka kadhaa, na ambaye yuko Mwanza au anapatikana kila siku. Wakikuambia "hapa tunasaidiana", hiyo tafsiri yake ni hakuna.

Uliza pia wanakula nini. Usishangae ukikuta kampuni ya usalama wa mtandao inafunga kamera za ulinzi, inavuta nyaya, inatengeneza tovuti za mahoteli. Siyo utapeli. Upimaji wa mifumo ni kazi ya msimu: mteja anapima mara 1 kwa mwaka, analipa baada ya miezi 3, na kama ni zabuni ya umma unaweza kusubiri zaidi. Kamera ndizo zinazolipa pango la Novemba. Hali imekuwa nafuu tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, maana taasisi zinazoshika taarifa za watu sasa zina wajibu wa kuzilinda, na wakubwa waliokuwa wakituona wapiga ramli wameanza kupokea simu. Hata hivyo waambie wakuonyeshe, kwa uwiano tu, mwaka jana siku ngapi zilikwenda kwenye usalama na ngapi kwenye kamera. Zikiwa nusu kwa nusu, ni kawaida. Kama ni siku 20 kwa mwaka, basi wanatafuta fundi mwenye cheti kizuri cha kuweka kwenye zabuni, na hofu yako ilikuwa sahihi.

Mkataba usiusome peke yako. Ile miezi sita ya majaribio ina uzito, kwa sababu kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo. Mtafute wakili akae nao nusu saa, au nenda ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ukaulize haki zako kabla hujasaini. Mwulize kuhusu NSSF, bima, zamu ya simu, na hasa kipengele cha nani anabeba lawama mteja akishtaki. Nimeona mikataba inayomwekea mfanyakazi mzigo huo wote. Usisaini wa namna hiyo hata kama ofisi ina kiyoyozi na mandhari ya Bismarck Rock, ule mwamba wa ziwani. Kiwandani nako, kama unalipwa kwa mwezi, toa notisi ya siku 28 isipokuwa mkataba wako unasema zaidi, na uondoke vizuri. Mwanza ni ndogo. Kiwanda hicho huenda mwakani kikawa mteja wako.

Ningekuwa wewe ningeomba siku moja nikakae nao, bila malipo, nione wanavyofanya kazi. Mahali pazuri hawatakataa; watakusainisha karatasi ya kutunza siri kwanza, na hiyo yenyewe ni dalili njema. Halafu ningeweka kando matumizi ya miezi mitatu. Ukipata jina la msomaji wa ripoti, na mkataba ukapita kwa wakili, nenda. Una umri wa kujifunza kwa kasi, na kiwandani umeshajua kilichopo. Ukikosa mojawapo, baki na ujifunze jioni: funga Linux, mfumo endeshi wa bure, kwenye kompyuta yako, tengeneza mtandao wako mdogo wa kuuharibu mwenyewe. Kampuni nyingine itakuja.

Na mama, mpeleke akaione hiyo ofisi. Sisemi utani. Kijana mmoja wa kwetu alimleta mama yake kutoka Magu, mwezi wa kwanza tu, mama akiwa na hofu hiyohiyo ya Butimba. Alipanda ngazi na mfuko wa dagaa, akasalimia kila mtu, akaonyeshwa barua ya idhini yenye mihuri, akaishika mbali na macho, akaisoma yote. Akairudisha. Kisha akamgeukia bosi akamwuliza, "Sawa, sio wezi. Sasa huyu mwanangu, hapa kwenu, analala saa ngapi?" Bosi akatutazama sisi, sisi tukatazama mezani. Wiki iliyofuata ratiba ya zamu ya simu ikabandikwa ukutani.